Kuitunza Mashine ya Kufulia Nguo Katika Nchi ya Mvua
Somo kwa nyumba za Tukuyu na wilaya ya Rungwe

Utangulizi

Mji wa Tukuyu umekaa juu ya miteremko ya Mlima Rungwe, yapata meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua inayoanguka huko huzidi milimeta 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Novemba na Mei. Hali hiyo ndiyo inayostawisha migomba, chai ya Katumba na viazi vya Isongole. Lakini hali hiyo hiyo humtaabisha kila mwenye nguo za kufua. Katika mwezi wa Machi au Aprili, sweta ya mtoto wa shule huweza kukaa kambani siku tatu, ikaanuliwa ingali na unyevu, na mwishowe ikanuka uvundo na kuota ukungu.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi ambavyo zamani havikuwa nao. Pamoja na umeme huo zimeingia mashine za kufulia: nyumbani kwa walimu na wauguzi, kwa wakulima wa chai, na katika nyumba ndogo za wageni kandokando ya barabara iendayo Kyela. Hata hivyo, nyingi kati ya mashine hizo hazidumu. Baada ya miaka michache huonekana zimetolewa uani, zimegeuzwa meza au ghala la mahindi. Mwenye nyumba husema kwamba mashine imekufa, ilhali aghalabu kilichoharibika ni kipuri kimoja kidogo ambacho yeye hakukitambua, wala hakujua kwa jina gani kiulizwe dukani.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mashine inavyofanya kazi, jinsi ya kuikinga na maji machafu na umeme usiotulia, jinsi ya kusoma dalili za ugonjwa wake, na jinsi ya kutafuta vipuri. Shabaha yetu ni moja: msomaji asiihukumu mashine yake kuwa imekufa kabla hajajua ni kipuri gani kilichoshindwa, na kipuri hicho kina namba gani.

Faida kubwa ya mashine ni kukamua

Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ya mashine ni kusugua nguo. Kwa mkazi wa nchi ya jua kali huenda ikawa hivyo. Kwa mkazi wa Rungwe, kazi yenye thamani kuliko zote ni kukamua.

Ili maji yaliyomo katika nguo yageuke mvuke, hapana budi yapate joto. Kilo moja ya maji huhitaji yapata kilojuli 2,400 ili ikauke. Joto hilo hutoka juani na katika hewa. Na hewa ya masika, ambayo imekwisha kujaa unyevu, haiwezi kupokea mvuke mwingi zaidi. Sasa tulinganishe na pipa la kukamulia. Mota yake, tuseme ya wati 150, ikifanya kazi dakika 5 hutumia kilojuli 45 tu. Ikiwa katika muda huo itatoa kilo moja tu ya maji, itakuwa imetumia nishati pungufu ya moja ya hamsini ya ile ambayo ingehitajika kuyakausha maji hayo kwa joto.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Tuchukue pipa la kukamulia lenye nusu kipenyo cha sentimeta 12, linalozunguka mara 1,300 kwa dakika. Ukuta wa pipa hilo huenda kwa mwendo wa yapata kilometa 59 kwa saa. Kila tone la maji husukumwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 200 na ushei. Ndiyo maana maji yasiyotoka kwa mikono miwili yenye nguvu hutoka kwa pipa dogo la plastiki.

Lakini nguvu hiyo hiyo yaweza kuiharibu mashine. Taulo lenye uzito wa gramu 200 likikaa upande mmoja wa pipa, huuvuta mhimili kana kwamba mtu amening'iniza mzigo wa kilo 45 ubavuni. Mashine inayotetemeka na kupiga kelele wakati wa kukamua haina budi isimamishwe, nguo zipangwe upya zizunguke pande zote sawasawa, ndipo iendelee. Tabia hii moja huokoa beringi nyingi kuliko grisi yoyote.

Jaribio. Msomaji mwenye mzani wa dukani na apime shuka moja kavu. Kisha ailoweshe, aikamue kwa mikono, apime tena. Halafu aikamue kwa mashine dakika 5, apime mara ya tatu. Tofauti ya vipimo viwili vya mwisho ndiyo maji ambayo jua la Tukuyu halitalazimika kuyakausha.

Aina mbili za mashine

Mashine zipatikanazo katika nyumba zetu ni za namna mbili kubwa.

Ya kwanza ni mashine ya mapipa mawili. Pipa moja hufua na la pili hukamua. Mtumiaji humimina maji mwenyewe, huzungusha kitasa cha taima, na huhamisha nguo kwa mkono kutoka pipa moja hadi jingine. Chini ya pipa la kufulia kuna sahani yenye mabawa, inayozungushwa na mota kwa njia ya mkanda. Pipa la kukamulia lina mota yake pekee iliyounganishwa moja kwa moja na mhimili, pamoja na breki inayokamata mara kifuniko kinapofunguliwa.

Ya pili ni mashine inayojiendesha. Ina pipa moja, lenye mlango mbele au juu. Hujaza maji yenyewe kwa vali ya umeme, hupima kina chake, hufua, humwaga kwa pampu na kukamua. Kazi hizi zote huongozwa na bodi ya elektroniki.

Mashine ya pili ni nyepesi kwa mtumiaji, lakini ina mambo mengi yanayoweza kuharibika. Ya kwanza yataka kazi ya mikono, lakini haidai shinikizo la maji bombani, haina bodi inayoungua kwa urahisi, na fundi wa kawaida aweza kuielewa. Mtu anayenunua mashine kwa ajili ya kijiji chenye maji ya kusuasua na umeme usiotulia na aufikirie sana ukweli huo kabla ya kuvutiwa na vitufe vingi.

Maji

Vali ya mashine inayojiendesha hufunguka vema pale tu maji yanapoisukuma kwa shinikizo la kutosha. Vitabu vya mashine nyingi hudai angalau kilopaskali 50. Kila meta moja ya kimo cha maji hutoa karibu kilopaskali 10. Basi tangi lililoinuliwa meta 3 juu ya vali litatoa kilopaskali 30 tu; mashine itajaza polepole mno, au itasimama na kuonyesha ishara ya kosa. Si ugonjwa wa mashine huo. Dawa yake ni kuliinua tangi hadi kiasi cha meta 5, au kufunga pampu ndogo, au kumimina maji kwa ndoo kupitia kijaluba cha sabuni. Kabla ya kununua mashine, yafaa kusoma kitabu chake kujua shinikizo inalodai.

Jambo la pili ni uchafu. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kufunika nchi yote ya jirani kwa changarawe nyepesi yenye vitundu. Changarawe hiyo ingalimo katika udongo wa mashamba yetu. Kwa kuwa ni nyepesi, yaweza kuelea majini; huingia mifukoni na katika mapindo ya suruali, kisha hubebwa na maji hadi kwenye chujio la pampu. Kwa hiyo nguo za shambani zikung'utwe nje na kusuuzwa kwanza kwa ndoo, na mifuko yote igeuzwe. Sarafu, msumari na kifungo ni adui wa pampu.

Maji ya mvua yanayokingwa kutoka katika paa la bati ni mazuri kwa kufulia, mradi yale ya mwanzo yenye vumbi na majani yamwagwe, na yanayobaki yachujwe kwa kitambaa. Maji hayo ni laini, yaani hayana chumvi nyingi za chokaa. Kwa hiyo sabuni hutoa povu kwa wepesi, nayo yapasa kupunguzwa. Povu likizidi huingia kati ya pipa la ndani na la nje, huzuia mzunguko, na huvuja kupitia mahali ambapo maji yasingepita. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mikono hutoa povu jingi kuliko ile ya mashine. Atakayelazimika kuitumia aanze na kiasi kidogo sana.

Umeme

Umeme wa majumbani katika Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Jambo la kwanza kwa mnunuzi wa mashine iliyotumika ni kusoma kibao kilichobandikwa mgongoni. Mashine zilizotumika Japani hutaka volti 100. Zikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya hapa zitaungua. Zahitaji transfoma ya kupunguza volti, yenye uwezo unaozidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibao, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kuzunguka.

Umeme hafifu nao ni hatari, ijapokuwa watu wengi huogopa ule uliozidi tu. Nguvu ya kuzungusha ya mota za namna hii hufuata kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 170, nguvu hiyo hubaki karibu asilimia 55. Mota yenye mzigo mzito haitaweza kuanza; itavuma mahali pamoja, itapata moto, na nyaya zake zitaungua. Basi saa za jioni, taa zinapofifia kijijini, si saa za kufua. Kidhibiti volti chenye uwezo wa kutosha ni akiba yenye faida, hususa kwa mashine yenye bodi. Radi inapokaribia, plagi ichomolewe kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa kuliko yote: waya wa ardhi. Mashine ni chombo cha chuma, kimejaa maji, kinasimama juu ya sakafu mbichi, na hushikwa na mtu mwenye mikono iliyolowa. Waya mmoja wa ndani ukichubuka, au panya akiutafuna, bati lote la mashine laweza kuwa na umeme. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, huupa umeme huo njia nyepesi ya kwenda ardhini, ili fyuzi ikatike au swichi ya kinga iruke kabla mtu hajadhurika. Nyumba isiyo na waya wa ardhi haifai kuwekwa mashine ya kufulia. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni, naye aombwe pia kufunga swichi ya kinga inayokata umeme pindi unapovuja kiasi cha miliampea 30.

Mtu akihisi mtekenyo mkononi anapogusa mashine, asiseme kwamba ni kidogo. Na azime swichi kuu ya nyumba, achomoe plagi, na asiitumie mashine tena hadi ikaguliwe.

Matunzo ya kawaida

Kila baada ya kufua: chomoa plagi, futa maji, na uache kifuniko au mlango wazi ili ndani pakauke. Ukungu wa Rungwe hauli nguo tu. Hula pia mpira wa mlango.

Kila mwezi: safisha chujio dogo lililoko mahali maji yanapoingilia, na chujio la pampu lililoko chini mbele. Wakati wa masika fanya hivyo kila juma. Zungusha sahani na pipa kwa mkono, usikilize kama kuna mkwaruzo.

Kila miezi sita: inua mashine, utazame mkanda kama umepasuka au umelegea. Ukiubonyeza katikati kwa kidole, ushuke kiasi cha sentimeta moja. Tazama kutu, nyaya zilizochubuka na kinyesi cha panya. Bati la kufunikia sehemu ya chini lisiachwe bila kufungwa.

Mashine isimame juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, miguu yote minne ikigusa. Mashine mpya yenye mlango mbele huletwa ikiwa imefungwa kwa bolti za safari zinazozuia pipa lisicheze njiani. Bolti hizo sharti ziondolewe kabla ya kuiwasha, na zihifadhiwe kwa safari nyingine.

Kusoma dalili

Kabla ya kufungua mashine, chomoa plagi na kumwaga maji. Kisha kumbuka kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiiguse kabla fundi hajaimaliza chaji kwa kuunganisha ncha zake kupitia rezista ya kiloohm 10, au glopu ya waya ya volti 230, kwa nyaya zenye vishikio vilivyofunikwa.

1. Mashine haifanyi lolote. Anza na mambo mepesi: je, soketi ina umeme? Fyuzi iliyomo ndani ya plagi imekatika? Kifuniko cha pipa la kukamulia, au mlango, umefungwa sawasawa? Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, nayo hubeba karibu wati 3,000. Ikikatika tena baada ya kubadilishwa, kuna hitilafu ndani. Usiweke kipande cha waya mahali pake.

2. Mota inavuma bila kuzunguka. Pima kwanza volti. Zikiwa sawa, chomoa plagi, ondoa mkanda, kisha zungusha puli ya mota kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Ikikaza, beringi ya mota imekufa.

3. Mota inazunguka lakini sahani imesimama. Mkanda umekatika au umelegea, au meno ya plastiki chini ya sahani yamelika. Fungua skrubu ya katikati, uinue sahani, utazame.

4. Pipa la kukamulia linazunguka polepole. Huenda soksi imeponyoka na kuingia kati ya pipa na ukuta wake. Kama sivyo, waya wa breki umekwama na breki inaendelea kukamata. Mwisho wa yote pima kapasita.

5. Maji hayatoki. Katika mashine ya mapipa mawili isiyo na pampu, maji hutoka kwa uzito wake tu. Mpira wa kutolea maji ukiinuliwa juu ya sehemu ya chini ya pipa, hayatatoka. Katika mashine yenye pampu, fungua chujio. Mara nyingi ugonjwa na dawa vyote vimo humo.

6. Maji yanatoka yenyewe wakati wa kufua. Kifungo au changarawe imezuia mpira wa vali ya kutolea usikae sawasawa.

7. Mashine inayojiendesha haiachi kujaza maji. Kina cha maji hupimwa kwa hewa iliyonaswa katika mrija mwembamba: maji yakipanda, hewa hubanwa na kusukuma swichi. Mrija ukitoboka au kuziba, mashine haijui kwamba imejaa. Funga bomba, kisha ukague mrija huo kabla ya kuilaumu bodi.

8. Ngurumo kubwa wakati wa kukamua, kama ya ndege. Beringi za pipa zimelika, aghalabu kwa sababu sili imepitisha maji. Usiendelee kutumia, beringi iliyovunjika huukata mhimili, na hapo gharama huongezeka maradufu.

9. Maji hayapati moto. Pima ukinzani wa hita kwa multimita, ikiwa imekwisha kutenganishwa na nyaya zake. Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 inapaswa kuonyesha yapata ohm 26. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, imekatika.

Kutafuta vipuri

Hapa ndipo mashine nyingi hupoteza maisha. Mwenye nyumba huenda dukani na kuuliza, "Mna spea za mashine ya kampuni fulani?" Akijibiwa hapana, hurudi nyumbani amekata tamaa. Swali lake lilikuwa na kasoro. Vipuri ni vya makundi mawili: vile vinavyotengenezwa kwa vipimo vya dunia nzima, na vile vinavyofaa mashine moja pekee. Vya kundi la kwanza haviulizwi kwa jina la kampuni, bali kwa namba.

Beringi. Ubavuni mwa kila beringi pameandikwa namba, kama vile 6203, 6204 au 6205. Tarakimu mbili za mwisho huonyesha upana wa tundu: kuanzia 04 na kuendelea, zidisha kwa 5. Basi 6204 ina tundu la milimeta 20, na 6205 la milimeta 25. Lakini 6203 ina milimeta 17. Herufi 2RS baada ya namba maana yake ni kwamba beringi imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, nayo ndiyo ifaayo zaidi mahali penye maji. Beringi za jamii hii hutumika pia katika pikipiki, pampu za maji na mota za mashine za kusaga. Kwa hiyo mtu wa Kiwira au Ushirika na aanze katika duka la vipuri vya pikipiki kabla ya kupanda basi.

Sili. Imeandikwa vipimo vitatu kwa milimeta: tundu, upana wa nje na unene. Mathalani 25×47×10. Beringi inapobadilishwa, sili ibadilishwe pamoja nayo.

Mkanda. Herufi na tarakimu zilizomo mgongoni hueleza umbo na urefu. Alama 1270 J5, kwa mfano, ni mkanda wa urefu wa milimeta 1,270 wenye mifereji ya aina ya J na mbavu 5. Maandishi yakiwa yamefutika, peleka mkanda wenyewe hata kama umekatika.

Kapasita. Soma maikrofaradi, ambazo huandikwa µF, na volti. Maikrofaradi ziwe zile zile. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Iwe kapasita ya mota inayokusudiwa kukaa katika umeme muda wote, si ile ya kuanzishia tu.

Brashi za kaboni. Pima urefu, upana na unene. Iliyo kubwa kidogo huweza kupunguzwa taratibu kwa msasa laini. Iliyo ndogo haifai.

Vipuri vya kundi la pili ni sahani yenye mabawa, taima, mpira wa mlango, kufuli la mlango na bodi. Hivi vyahitaji namba kamili ya aina ya mashine, iliyoko kwenye kibao. Aghalabu havipatikani Tukuyu. Hutafutwa Mbeya, yapata kilometa 70, katika maduka ya Mwanjelwa, au Kariakoo mjini Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800. Safari hiyo haifai kufanywa kwa kubahatisha. Piga picha ya kibao na ya kipuri kwa simu, weka rula kando ya kipuri ili kipimo kionekane, na umtumie mwenye duka kabla ya kulipa. Ikilazimu, sampuli yenyewe itumwe kwa basi.

Chanzo cha tatu ni mashine zilizokufa. Mashine mbili za aina moja, moja iliyoungua bodi na nyingine iliyovunjika mhimili, ni mashine moja nzima. Mafundi wa wilaya wangefanya vema kuhifadhi mizoga hiyo na kuandika orodha ya vilivyomo, badala ya kuuza yote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kadi ya mashine. Kila mwenye mashine na aandike katika karatasi ngumu, na kuitundika karibu nayo: jina na namba ya aina, volti na wati, namba za beringi na sili, alama za mkanda, kipimo cha kapasita, na tarehe ya kila matengenezo. Namba za beringi aziandike siku fundi atakapoifungua mashine kwa mara ya kwanza, kwa maana kutu ikizidi hazisomeki tena.

Mahali pa ubunifu, na mahali pa kujizuia

Fundi wetu ni mtu wa kubuni, na jambo hilo ni jema. Bushi iliyolika yaweza kuchongwa upya kwenye kerezo katika karakana. Mguu wa mpira waweza kukatwa kutoka katika tairi kuukuu. Springi ya breki yaweza kutengenezwa.

Lakini yako mambo matatu ambayo hayana nafasi ya kubuni. La kwanza ni fyuzi na waya wa ardhi. La pili ni swichi ya kifuniko cha pipa la kukamulia. Wako wanaoiunganisha moja kwa moja ili mashine izunguke hata kifuniko kikiwa wazi. Tumekwisha kuona kwamba ukuta wa pipa hilo huenda kilometa 59 kwa saa. Nguo iliyoshikwa na mkono wa mtoto itauzungusha mkono huo kabla mtoto hajapata kuiachia. La tatu ni kapasita ya volti pungufu, ambayo huweza kupasuka.

Hitimisho

Tumeona kwamba mashine ya kufulia katika Rungwe hulipa gharama yake hasa kwa kukamua, na kwamba maadui wake ni changarawe, povu, umeme hafifu na mzigo uliokaa upande. Tumeona pia kwamba vipuri vinavyoharibika mara nyingi, yaani beringi, sili, mkanda na kapasita, hupatikana kwa namba zilizoandikwa juu yake. Mwenye mashine anayezijua namba hizo hahitaji kuinunua upya kila baada ya miaka michache. Na nguo za watoto wake zitakuwa kavu siku ya Jumatatu, hata mwezi wa Aprili.

Maswali ya kujipima

1. Tangi limeinuliwa meta 4 juu ya vali ya mashine. Litatoa shinikizo la kiasi gani? Je, linatosha kwa mashine inayodai kilopaskali 50?

2. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya kuzungusha ya mota itabaki asilimia ngapi?

3. Beringi yenye namba 6206 ina tundu la milimeta ngapi?

4. Hita ya wati 1,500 kwa volti 230 inapaswa kuwa na ukinzani wa ohm ngapi?

Majibu: 1. Kilopaskali 40; hazitoshi. 2. Karibu asilimia 76. 3. Milimeta 30. 4. Yapata ohm 35.